Saa ya spoti na kostume: inapatana ao haipatani?



Mwezi uliopita, kisha ibada, kijana mumoja alinivuta kando chini ya muembe. Ndoa yake ilibakia majuma matatu. Kostume alikuwa nayo, nyeusi, fundi amekwisha kupunguza mikono. Viatu pia. Kisha akatoa mufukoni saa moja kubwa, rangi ya zahabu, yenye visaa vitatu vidogo ndani ya uso wake na mushipi wa mpira. «Pasta, rafiki banasema hii iko saa ya spoti, haiendane na kostume. Weye unaona je? Muuzishaji ananiomba dola 80. Kesho nirudishe saa ao nilete feza.» Nikamuuliza feza ngapi zimebaki kwa mambo yote ya ndoa. Akaangalia chini. Dola 120.

Muone namna jambo dogo linaweza kukaa juu ya jambo kubwa. Lakini sikutaka kumukemea, sababu swali lake ni swali la kweli. Wengi wetu tuna kostume moja na saa moja, na saa ile ile inakwenda kazini, sokoni, mutoni na kanisani. Kwa hiyo nakujibu na wewe msomaji sawasawa na nilivyomujibu yeye.

Kanuni ya wazee wa Ulaya ilikuwa hivi: na kostume unavaa saa nyembamba, uso mweupe, mushipi wa ngozi. Kwenye karamu kubwa ya usiku wengine hawakuvaa saa hata kidogo, juu mwenyeji asifikiri kwamba unahesabu wakati wa kutoka kwake. Kanuni ni nzuri, lakini usiifanye kuwa amri ya Musa. Mbele ya vita ya 1914, wanaume wa Ulaya waliweka saa mufukoni na munyororo, na saa ya mukono waliiita kitu cha wanawake. Ni askari, ndani ya mashimo ya vita, walioona kwamba mutu mwenye bunduki hawezi kupekua mufuko kila mara. Walirudi nyumbani na saa mukononi, wakaivaa na kostume, na mambo yakaisha hapo. Basi ile saa ya kostume ambayo wazee wanaitetea ilikuwa yenyewe saa ya kazi.

Na saa za wazamiaji, zile zenye pete ya kuzunguka kando ya kioo, zilitokea miaka ya 1950. Kama uliona filme Goldfinger ya 1964, Sean Connery anavaa koti nyeupe ya karamu, na mukononi Rolex Submariner, saa ya kuzamia, tena kwenye mushipi wa kitambaa usiotosha vizuri! Mwaka 1972 nyumba ya Audemars Piguet ya Uswisi ilitoa Royal Oak, saa ya spoti ya inox tupu, iliyochorwa na Gérald Genta, na bei yake ilipita saa nyingi za zahabu. Tangu pale matajiri wenyewe wanavaa inox na kostume. Hata Bill Clinton, alipokuwa prezidenti wa Marekani, alionekana na Timex Ironman ya plastiki chini ya mukono wa koti yake. Hiyo mimi siisifu. Lakini yeye alikuwa prezidenti. Wewe unakwenda kuomba mutoto wa watu.

Sasa, namna ya kuchagua. Jambo la kwanza ni ukubwa, na hapa ndipo vijana wetu wanapotea zaidi. Vaa shati ya kostume, funga kifungo cha mukono, kisha vaa saa. Ikiingia chini ya shati bila kusukumwa, ni vizuri. Ikisimama pale nje kama jiwe ndani ya soksi, iache. Kwa mukono wa kawaida, milimeta 38 mpaka 41 za upana zinatosha, na unene usipite sana milimeta 12. Angalia pia zile pembe zinazoshika mushipi: zikitoka nje ya mukono wako, saa si yako, ni ya mutu munene kuliko wewe.

Uso: mweusi, buluu nzito ao mweupe, na vitu vichache ndani. Vile visaa vitatu vinafaa kwa mutu wa kupima mbio za magari. Wanaanga wa Marekani walikwenda nazo mwezini mwaka 1969, zile za Omega, lakini walikuwa na kazi nazo. Wewe unapima nini?

Mushipi ndio unaogeuza kila kitu. Saa ile ile, kwenye mpira ni ya mutoni, kwenye braseleti ya inox inaweza kuingia mahali popote, kwenye ngozi ni ya ndoa. Viatu vyeusi, ngozi nyeusi. Viatu vya kahawia, ngozi ya kahawia, na mushipi wa kiuno ufuate. Mushipi wa ngozi bei yake ni ndogo kupita saa ya pili, na fundi wa saa anaubadilisha kwa dakika chache.

Kwa habari ya rangi ya zahabu ya bei ndogo, sisi watu wa shaba hatupaswi kudanganywa. Mara nyingi chini ya ile zahabu kuna shaba iliyochanganywa na zinki. Jasho likikula ile ngozi ya juu, mukono wako unapata alama ya kijani, kijani kile kile tunachokijua ku mawe yetu. Chagua inox. Wala usiidharau shaba yenyewe: vibao vya ndani vinavyoshika magurudumu ya saa vinafanywa mara nyingi na mchanganyiko huo wa shaba na zinki, na resoro ya saa nyingi za kukaza ni ya mchanganyiko wenye kobalti. Pengine unavaa udongo wa kwenu bila kujua.

Ku jina lililoandikwa, fungua macho. Submariner ya kweli haina betri, inajikaza na mwendo wa mukono, na mushale wake wa sekunde unateleza polepole. Ile ya sokoni inayoruka tik, tik, mara moja kila sekunde, ni ya bandia. Na hata ile inayoteleza, kama bei yake ni ya mbuzi mumoja, wewe mwenyewe unajua. Casio ya mishale ao Seiko ya kweli, ya bei ndogo, inaonyesha saa vizuri na hailazimishi mutu kuficha mukono mbele ya mwenye kujua.

Sasa niseme juu ya maji, na hapa ninakiri upumbavu wangu. Miaka ya nyuma nilikuwa na saa nzuri, nyembamba, imeandikwa nyuma kwamba inavumilia maji metre 30. Siku ya ubatizo nilifikiri: mutoni maji yananifika kiunoni, si hata metre moja, metre 30 ni za nini? Nikabatiza watu kumi na saba na saa mukononi. Kwa mutu wa tisa kioo kilianza kutoa moshi. Kwa mutu wa mwisho mishale ilikuwa inaogelea. Mama pasta, aliyekuwa anashika mataulo, hakusema neno mpaka nyumbani. Nyumbani alisema.

Fundi ndiye aliyenifundisha. Ile namba ni ya jaribio ndani ya kiwanda, saa imetulia. Mukono unaopiga maji ni jambo lingine. Metre 30 ni ya mvua na kunawa. Metre 50, kuogelea kidogo. Ukitaka kuingia majini bila hofu anza na metre 100, na saa za wazamiaji wengi zina 200. Tena ule mpira mwembamba wa ndani unazeeka. Kila mara unapobadilisha betri, uombe aangalie na mpira, na kile kifungo cha kando kifungwe vizuri kabla ya kugusa maji. Tangu siku ile ninavaa saa ya kuzamia, ya inox, uso mweusi. Siku ya kazi iko na braseleti, siku ya ndoa na mazishi ninaweka ngozi nyeusi. Ile pete ya kando naizungusha mbele ya dakika ninapoanza kuhubiri. Inazunguka upande mumoja tu, ili muzamiaji akiigusa bila kujua, ihesabu dakika zaidi, kamwe si kidogo, asije akakosa hewa. Wazee wa kanisa wanapenda sana pete hii.

Na kama saa yako ina kengele ya kila saa, izime mbele ya kuingia kwenye matanga. Sitasema ni saa ya nani iliyolia wakati tuliposhusha sanduku.

Turudi kwa kijana. Nilimuambia: saa ya spoti na kostume, ndiyo, inaweza. Hii hapa, hapana. Ni kubwa, ni ya mpira, na dola 80 juu ya 120 ni bibi yako unayemuibia kabla hajaingia nyumbani. Kisha nikamuuliza: «Baba yako alifanya kazi kule chini miaka mingapi? Yeye alikuwa anajua saa ya kupanda kwa njia gani?»

Akanyamaza. Kisha akasema iko saa moja ndani ya sanduku la mama, haitembei tangu yeye alikuwa masomoni.

Saa ya zahabu ilirudishwa kesho yake. Siku ya ndoa, wakati wa kuvikana pete, niliona ndani ya mukono wa koti nyeusi saa moja ya inox, si kubwa, kioo kimekwaruzwa upande mumoja, mushipi mupya wa ngozi. Betri, mpira na mushipi, fundi alimuomba dola 9. Muzee wake alikuwa amekaa safu ya mbele. Hakuangalia sana bibi-arusi. Alikuwa anaangalia ule mukono. Kisha akamuinamia mama, akamuonyesha kwa kidole, na mama akatikisa kichwa: ndiyo, ni ile.