"Beer" Si Kila Pombe

Tuseme leo una wageni. Mtoto amebatizwa asubuhi, pilau na chapati viko tayari, nawe umepanga mezani chupa za soda ya tangawizi. Mara mzee wa kanisa anashika chupa moja, anavaa miwani na kusoma kwa sauti: "Ginger beer!" Nyumba nzima inanyamaza. Utamjibu nini?

Wengi wetu tulifunzwa shuleni kuwa "beer" ni pombe, na pombe ni "beer". Mambo yakaishia hapo. Kumbe maneno haya mawili hayalingani, na kutolingana huko kumewaletea watu aibu. Wengine kumewaletea makubwa zaidi ya aibu.

Kwa Kiingereza, "beer" hasa ni kinywaji kilichochachushwa kutokana na nafaka, aghalabu kimea cha shayiri. Kabla ya karne ya 15, jina la kawaida la kinywaji hicho kule Uingereza lilikuwa "ale". Kisha kikaja kingine kutoka ng'ambo ya bahari, pande za Uholanzi, kilichotiwa hopsi, maua machungu yanayokipa ladha na kukizuia kisiharibike upesi. Hicho ndicho walichokiita "beer". Siku hizi "ale" ni aina moja tu ya "beer", na "lager" ni aina nyingine. Nasi tukalitwaa neno lao, tukasema bia.

Kwa maana hiyo busaa, ambayo hutengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, ni "beer" kamili. Mnazi sio. Waingereza huuita "wine", yaani divai, maana watokana na utomvu wa mti, si nafaka. Chang'aa nayo haimo katika ukoo huo hata kidogo. Hiyo hukenekwa, yaani mvuke wake hukingwa na kupozwa, kwa hivyo ni "spirit", jamii moja na wiski. Sisi zote twaziita pombe, basi.

Hapo ndipo penye hatari. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4 ina mililita 20 za kileo chenyewe. Kiasi kicho hicho kimo katika mililita 50 tu za kinywaji kikali cha asilimia 40. Mtu akijaza glasi ya mililita 250 ya kinywaji hicho, amemeza kileo cha chupa tano za bia! Kwa hivyo mumeo au mwanao akikuambia, "Nimekunywa moja tu," muulize: moja ya nini?

Isitoshe, chang'aa ya vichochoroni haina kibandiko cha kukuambia kilichomo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Kuviita vitu hivi vyote kwa jina moja ni kumfanya kijana adhani vyote ni ndugu.

Tumrudie mzee wetu. Hapo zamani "ginger beer" ilichachushwa kwa sukari na hamira, ndiyo maana ikapata jina hilo. Ile inayouzwa madukani kama soda haina kileo, ingawa jina limebaki. Vivyo hivyo "root beer" ya Marekani, ambayo kwa kawaida ni soda tu. Lakini zipo pia zinazotengenezwa na kileo, na hata ile ya nyumbani, ukiitia hamira na kuiacha siku kadhaa, hupata kileo. Basi usiliamini jina peke yake. Soma kibandiko, utafute asilimia ya kileo, ndipo umpe mtoto. Sheria ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18.

Sasa matumizi. Ukitaja kinywaji chenyewe, neno hili halina wingi: "I do not drink beer." Ukihesabu chupa, glasi au aina, wingi unakuja: "two beers". Nayo "small beer", ambayo zamani ilikuwa bia hafifu, siku hizi ni jambo lisilo na uzito. Mkubwa wako kazini akisema malalamiko yako ni "small beer", usidhani anakualika mahali. Amekudharau!

Na ndimi zetu ziwe macho. "Bear" ni dubu, au kuzaa, na hutamkwa tofauti na "beer". Lakini liko neno jingine, "bier", ambalo hutamkwa sawasawa na "beer". Maana yake ni jeneza, lile la kubebea maiti kwenda makaburini. Waingereza hawakulipanga hivyo makusudi, lakini mzazi mwenye kijana anayeanza kuonja anaweza kumkumbusha.

Basi mzee akiuliza, mpe chupa aisome hadi mwisho, kisha mmiminie. Kuuliza si ujinga. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.