Picha Nayo Iseme

Video ya muziki hupimwa kwa macho ya dukani. Tunahesabu magari, tunakagua mavazi, tunakisia bajeti, kisha tunatoa hukumu: kichupa kikali, au hamna kitu. Toleo hili, linalowahusu waimbaji wa bendi waliojitenga kwa muda kuimba peke yao, linatumia kipimo kingine: je, picha imesema jambo ambalo sauti haikulisema? Tunaanza na Freddie Mercury.

Huku kwetu habari zake huanza na kuishia Mji Mkongwe, Zanzibar, alikozaliwa mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Tunabishana ni wetu au si wetu, na ubishi ukipoa kazi yake inabaki haijaguswa.

Tuichukue singo yake ya Februari 1987, The Great Pretender. Agosti iliyotangulia, bendi yake ya Queen ilikuwa imefunga ziara yake kwa onyesho la Knebworth, Uingereza. Mercury alikuwa mtunzi hodari, lakini safari hii alichukua kibao cha Buck Ram, kilichorekodiwa na kundi la The Platters la Marekani mwaka 1955. Ni kilio cha mpenzi aliyeachwa, anayejichekesha mbele za watu ili wasijue yaliyomsibu. Mercury hakukitungia kisa kingine. Kisa kiligeuzwa na video.

Mwongozaji David Mallet, aliyekuwa ameshatengeneza video kadhaa za Queen, alimrudisha katika mavazi na mikao ya miaka ya nyuma: ya Bohemian Rhapsody ya 1975, ya I Want to Break Free ya 1984. Masharubu yaliyokuwa alama yake yamenyolewa. Amevaa suti ya waridi, na waliomzunguka ni picha zake mwenyewe za kadibodi, zimesimamishwa kwa ukubwa wa mtu. Waitikiaji watatu waliovalia kike ni Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, mwimbaji Peter Straker, na Mercury huyohuyo. Mpenzi aliyeachwa hayumo tena. Anayejifanya sasa ni msanii, na anachojifanya ni yule nyota ambaye mashabiki walimlipia kiingilio.

Hoja hiyo isingesimama chini ya jina la Queen. Bendi ya watu wanne ina sura nne za kugawana sifa na lawama. Anayeimba peke yake hana wa kumsukumia swali la yeye ni nani.

Kuna pingamizi la haki: asiyezijua video za zamani ataona mtu anabadili nguo tu. Ni kweli, na hiyo ndiyo bei yake. Lakini msanii aliyetumikia jukwaa zaidi ya miaka kumi ana ruhusa ya kudai kumbukumbu za mashabiki wake, na video inayotaka mtazamaji ajue kitu inamheshimu kuliko ile inayotaka ashangae tu.

Kwa hiyo waandishi wetu wamejibu swali moja kwa kila singo waliyoichambua: video ikiondolewa, wimbo unapungukiwa na nini? Katika kurasa zijazo, jibu mara kadhaa ni: hakuna. Msomaji atakayemkuta kipenzi chake hapo na akaona ameonewa, alete hoja. Ukurasa wa barua uko wazi.