Apande Kwanza Basi la Mandera

Mwandishi anayetaka Garissa, Wajir na Mandera zimezwe na kanda ya Mashariki katika michezo ya shule anadai timu zetu hufungwa mabao chungu nzima kwenye fainali za kitaifa, kwa hiyo zinajaza nafasi bure. Apande kwanza basi la Mandera. Kutoka Mandera kufika Garissa tu ni zaidi ya kilomita 600, na Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa wakisafiri kutoka Mandera. Leo wasichana wa voliboli wapitilize hadi Embu au Machakos kwa mchujo? Mzazi gani atatia sahihi? Tukifungwa, angalau tumecheza na wababe. Anayetaka ushindani alete makocha na nyavu. Viwanja vyetu vingi ni mchanga mtupu.