Kansa katika ukoo: familia ziache kutafuta mchawi, zianze kuulizana

Katika familia nyingi za Kivu, dada wawili wakifariki kwa ugonjwa wa titi ndani ya miaka michache, matanga hayaishi bila jina la mtu kutajwa. Mara ni shangazi mwenye wivu, mara ni mke mwenza, mara ni jirani wa shamba, na neno karuho linaanza kusikika. Wakati wakubwa wanagombana, binti za marehemu wanarudi nyumbani bila mtu kuwaambia jambo moja la maana: wao ndio wanapaswa kwenda kupimwa.

Ni kweli kwamba kansa nyingi hazirithiwi. Kansa ya mlango wa kizazi, kwa mfano, inaletwa na virusi. Lakini katika kila kansa 100 za titi, kati ya 5 na 10 zinatokana na jeni iliyoharibika ambayo mtu aliipokea kwa mzazi wake. Mbili kati ya jeni hizo zinajulikana sana: BRCA1, iliyotambuliwa mwaka 1994, na BRCA2, mwaka 1995. Katika wanawake 100 wenye moja ya jeni hizo ikiwa imeharibika, karibu 70 wanapata kansa ya titi kabla ya kufikisha miaka 80. Wengi pia wanapata kansa ya vifuko vya mayai ya uzazi, zaidi wale wenye BRCA1.

Mzazi mwenye jeni hiyo anaweza kumpa kila mtoto, wa kiume au wa kike, kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Kwa hiyo baba naye anairithisha. Msichana anayesema “kwa mama hakuna mgonjwa” bila kuuliza habari za shangazi zake, dada za baba, ameuliza nusu tu ya ukoo.

Wengine wanasema haya ni magonjwa ya wazungu, kwa sababu walisikia habari hizo mwaka 2013, wakati mwigizaji Angelina Jolie wa Marekani alipotangaza kwamba alitolewa matiti kabla ya kuugua. Hapana. Utafiti uliofanywa Nigeria na kutangazwa mwaka 2018, juu ya wanawake zaidi ya 1,000 wenye kansa ya titi, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya 8 alikuwa na jeni ya kurithi iliyoharibika.

Katika nchi zenye uwezo, mtu wa familia ya namna hiyo anapimwa jeni kwa damu au mate. Mwanamke akikutwa nayo, anafanyiwa IRM ya matiti kila mwaka tangu miaka 25, na mamografi tangu miaka 30. Anaweza kuchagua kutolewa matiti, jambo linalopunguza hatari ya kansa ya titi kwa asilimia 90 au zaidi. Akiisha kuzaa watoto anaotaka, anashauriwa kutolewa vifuko vya mayai, mara nyingi kati ya miaka 35 na 45, kwa sababu hakuna kipimo kizuri cha kugundua kansa hiyo mapema. Wanaume wenye BRCA2 wanaanza kuchunguzwa prostati wakiwa na miaka 40.

Mama wa Walungu au wa Masisi akisoma hayo atacheka kwa uchungu. Vita vimefukuza watu, barabara zimekatika, na IRM kwake ni hadithi. Lakini kukosa IRM hakumaanishi kukosa kila kitu. Kipimo cha kwanza cha kansa ya kurithi hakihitaji umeme wala dola. Ni maswali. Nani aliugua? Ugonjwa gani? Alikuwa na miaka mingapi?

Majibu yanayopaswa kushtua familia yanajulikana: kansa ya titi kabla ya miaka 50, kansa katika matiti yote mawili, titi na vifuko vya mayai katika ukoo mmoja, mwanaume mwenye kansa ya titi, ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja wenye ugonjwa uleule. Watoto pia wasisahauliwe. Kuna kansa ya jicho inayoshika watoto wadogo, na mara nyingine inarithiwa. Mboni inaonekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu. Mzazi aliyewahi kuugua kansa hiyo alete mtoto wake kwa munganga wa macho tangu wiki za kwanza.

Familia ikishaona alama hizo, kuna ya kufanya hata huku. Binti aanze kuchunguzwa mapema, kwa kawaida miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake mdogo kuliko wote aliugua. Apimwe matiti na muuguzi au munganga aliyefundishwa, na afanyiwe ekografi. Mamografi ifanywe panapopatikana. Uvimbe wowote usikandwe kwa dawa za majani huku miezi inapita. Lakini asikimbilie kuomba kutolewa matiti kwa woga tu: bila kipimo cha jeni, huenda yuko katika ile nusu ambayo haikurithi kitu.

Wapo wanaoficha kwa sababu ya mahari. Wanasema ukoo ukijulikana kuwa na kansa, wasichana hawataolewa. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa maana wako wanawake waliofukuzwa na mabwana kwa sababu ya ugonjwa. Ndiyo maana waganga na wauguzi wanapaswa kutunza siri ya mgonjwa. Lakini kunyamaza hakuondoi jeni mwilini. Siri inayofichwa kwa wakwe leo itatoka siku mke anapolazwa, wakati watoto wake bado wadogo.

Wengine watasema eneo lenye vita, kipindupindu na mpox halina muda wa jeni. Hesabu yenyewe inakataa. Uvimbe mdogo unatibiwa kwa gharama ndogo kuliko ule uliopasuka. Familia zinauza kiwanja ili mgonjwa avuke mpaka kwenda Butaro, nchini Rwanda, au Kampala, na mara nyingi anafika wakati waganga hawana tena njia ya kumponya. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza mwaka 2023 lengo kwamba angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wa kansa ya titi watambuliwe ugonjwa ukiwa bado mwanzoni, na kwamba uchunguzi uishe ndani ya siku 60 tangu mtu alipofika kwa muuguzi.

Kwa hiyo wizara ya afya, maeneo ya afya na hospitali za makanisa wanaweza kuanza na hatua mbili zisizo na gharama kubwa. Kwanza, fishi ya kila mgonjwa iwe na mistari ya magonjwa ya ukoo, upande wa baba na wa mama. Pili, kila mwanamke anayekutwa na kansa ya titi aulizwe kama anakubali dada na binti zake waitwe kwa uchunguzi.

Nazo familia zina nafasi yao. Matanga ndiyo siku ambayo ukoo wote uko pamoja, kutoka Uvira hadi Beni. Mtu mmoja anayejua kuandika achukue daftari, aketi na bibi na shangazi, na aandike nani alifariki, kwa ugonjwa gani, na umri gani. Kisha binti wa marehemu wapewe nakala, na waipeleke kwa muuguzi wiki hiyohiyo.