Fedha zinavuka mitandao, kwa nini si taarifa za mgonjwa?

WAFANYABIASHARA wa mazao wanakumbuka adha ya kutembea na laini tatu za simu ili kupokea fedha za wateja. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao za fedha, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Hakuna iliyoacha mfumo wake. Walichokubaliana ni kanuni za kutuma na kupokea.

Katika afya bado tuko nyuma. Chukulia mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo. Anaanzia zahanati, anapelekwa hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa. Pale ambapo kompyuta za vituo hivyo hazielewani, anaandikishwa upya, vipimo vinarudiwa na analipa tena. Siku mbili zikipotea wakati wa mavuno, hasara haiishii kwenye risiti ya hospitali. Vibarua wanamsubiri na mnunuzi anakwenda kwa jirani.

Wapo watakaosema mbona takwimu za MTUHA zinaingizwa kwenye kompyuta. Ni kweli. Tangu mwaka 2013 zinaingizwa nchi nzima katika programu ya DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Lakini hizo ni hesabu za jumla: wagonjwa wa malaria wangapi, waliojifungua wangapi. Zinamfaa mpanga bajeti. Daktari aliye mbele ya mgonjwa anataka kujua alipewa dawa gani wiki iliyopita.

Wengine hudhani suluhisho ni mfumo mmoja mkubwa kwa wote. Sikubaliani nao. Maabara, bohari ya dawa na bima zina kazi tofauti. Sokoni hatukulazimishana kununua mizani ya aina moja. Tulikubaliana kilo ni kilo, na hasara ya lumbesa tunaijua. Kwa upande wa afya kipimo hicho kipo. Shirika la HL7, lililoanzishwa Marekani mwaka 1987, limetoa kiwango kiitwacho FHIR, kinachotumika bila kulipia leseni.

Suala hili sasa linagusa mfuko wa kila kaya, kwa kuwa mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Madai ya hospitali yakikwama kwa sababu mfumo wake hausomwi na ule wa bima, hospitali inakosa fedha za dawa, na mwanachama aliyekwisha kulipa anaambiwa akanunue nje.

Serikali isitoe hata shilingi kwa mfumo usiofuata kiwango cha pamoja. Siri za mgonjwa zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Nanyi viongozi wa vyama vya ushirika, kabla ya kuwaandikisha wanachama kwa pamoja, ulizeni: taarifa zao zitasomeka hospitali ya rufaa? Mkikosa jibu, msitie saini haraka.