Mtini na mvua ya Arua

Kuhusu mtini, sisi wa Mvara tuna la kusema. Hapa Arua, Uganda, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto halimsumbui mpanda mtini, mvua ndiyo. Kiangazi chetu ni Desemba hadi Machi, kisha mvua hadi Novemba. Tini likiiva Agosti hupasuka na kuchacha likiwa bado mtini, sisimizi wakakuwahi. Basi panda pasipotuama maji, na uchague aina inayozaa bila nyigu, maana nyigu wa mikuyu yetu hawana kazi na mtini wa Mediterania. Kikonyo kikitoa utomvu mweupe, acha; tunda likilegea shingo, chuma.

Lakini mwenye shamba kwa jirani zetu wa Koboko ningemwambia aanze na mwembe badala ya mtini, na ailinde miti ya shea iliyojiotea. Mafuta ya shea yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na mti ukipandwa leo huweza kukaa miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa. Na bado watu wanauchoma mkaa! Jamani, tuiache ile iliyosimama.