Gari likikataa kuwaka baada ya matengenezo, kosa ni la nani?

Miongoni mwa malalamiko tunayoyasikia kila mara kutoka kwa ndugu zetu wasemaji wa Kiswahili walioko Durban, Afrika Kusini, kuna moja ambalo halijapewa uzito unaostahiki. Gari limepelekwa gereji likiwa na hitilafu inayojulikana. Limebadilishwa swichi ya ufunguo, au boksi la kompyuta, au injini nzima. Kila kitu kimefungwa mahala pake, betri ni nzima, mafuta yamo kwenye tangi. Lakini likiwashwa, haliwaki. Taa ndogo kwenye dashibodi inamemeta tu. Fundi anajikuna kichwa, kisha anasema kwamba hayo ni mambo ya ulinzi wa gari na kwamba itabidi iongezwe pesa.

Malalamiko hayo husikika sana Jacobs, eneo la viwanda lililoko kusini mwa Durban, jirani na Clairwood, Mobeni na Wentworth, si mbali na bandari. Inafaa kuashiria hapa kwamba bandari ya Durban ni lango kubwa la magari ya mtumba kutoka Japani yanayokwenda Zambia, Zimbabwe, Malawi na hata Kongo. Afrika Kusini yenyewe hairuhusu gari la mtumba kuingizwa nchini bila ya kibali maalumu, hivyo magari hayo hupita tu chini ya dhamana ya forodha. Mnunuzi kutoka Lubumbashi hana muda wa kukaa wiki tatu Durban. Anahesabu siku za nyumba ya wageni na anaifikiria safari ndefu ya Beitbridge na Kasumbalesa. Gari likigoma, atakubali chochote atakachoambiwa.

Na anachoambiwa mara nyingi ni hiki: tuukate huo mfumo, gari liwake, uondoke.

Sisi tunaona kuwa jambo hili si dogo, na kwamba lawama hazipaswi kumwangukia fundi peke yake. Ili tueleweke, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1986 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuweka katika gari lake la Chevrolet Corvette mfumo mpya wa kuzuia wizi. Kwenye bapa la ufunguo kulipachikwa rezista, yaani kipande kidogo chenye ukinzani maalumu wa umeme. Ufunguo ukiingizwa kwenye swichi, vidole viwili vya shaba hugusa kipande hicho, na waya mbili nyembamba hupeleka kipimo kwenye boksi lililofichwa nyuma ya dashibodi. Kipimo kikiwa sawa, boksi huruhusu stata izunguke na kuiarifu kompyuta ya injini kwamba mafuta yaachiliwe. Kikiwa si sawa, stata hukaa kimya na boksi hukataa kusikiliza ufunguo mwingine wowote kwa muda wa dakika tatu hivi.

Vipimo vilikuwa 15 tu, kuanzia omu 402 hadi omu 11,800. Kumi na tano! Mtu anaweza kucheka. Lakini mwizi mwenye funguo zote 15 mfukoni angeweza kuhitaji zaidi ya nusu saa akisubiri boksi limsamehe kila mara, na hakuna mwizi anayekaa muda huo ndani ya gari la mtu barabarani. Mfumo huo ulienea katika Cadillac, Camaro na Firebird, na katika hizo mbili za mwisho ulidumu hadi mwaka 2002.

Kasoro yake ilijitokeza baadaye, gari lilipozeeka. Zile waya mbili hupita ndani ya shina la usukani, na usukani ukizungushwa kwa miaka mingi huchakaa na kukatika. Hapo boksi haliwezi kupambanua kati ya waya iliyokatika na ufunguo wa mwizi. Kwake yote ni mamoja. Vivyo hivyo swichi ikibadilishwa: muuza spea atatoa swichi na ufunguo wake, lakini rezista iliyomo si ile ambayo boksi linaijua. Na ikibadilishwa kompyuta ya injini kwa nyingine iliyotoka kwenye gari la aina tofauti, huenda ikawa inangojea ishara ambayo boksi la zamani haliitoi.

Dawa halali ya matatizo hayo wala si ngumu. Fundi anapima rezista ya ufunguo wa zamani kwa mita ya kawaida, ananunua ufunguo mbichi wenye kipimo hicho hicho miongoni mwa vile 15, anauchonga ufuate swichi mpya, kazi imekwisha. Katika mfumo mwingine wa kampuni hiyo hiyo uliofuata, ambao rezista ilihamishwa kutoka kwenye ufunguo na kuwekwa ndani ya swichi, dalili ni tofauti: injini hushika kwa sekunde moja au mbili kisha huzimika. Huo unaweza kufundishwa upya bila ya chombo chochote. Ufunguo hugeuzwa mpaka mahala pa kuwashia, taa ya ulinzi husubiriwa izimike, jambo ambalo huchukua kama dakika kumi, na zoezi hilo hurudiwa mara tatu. Nusu saa ya subira, basi. Wapo wenye magari waliolipia boksi jipya kwa sababu hakuna aliyewaambia kuhusu nusu saa hiyo.

Iko pia dawa ya mkato. Fundi anazikata zile waya mbili karibu na boksi na kuunga hapo rezista ya senti chache yenye kipimo kinachotakiwa. Gari litawaka siku zote, kwa sababu boksi limeshadanganywa kwamba ufunguo wa kweli haujawahi kutoka. Kwa gari lenye umri wa miaka thelathini hatumlaumu mtu. Tunachokilaumu ni mwenye gari kutoambiwa, akaendelea kuamini kuwa mlinzi yuko macho.

Msomaji atauliza: haya ya Corvette yanamhusu vipi mtu wa Jacobs anayehangaika na Toyota ya Japani? Yanamhusu, kwa sababu tatizo ni lile lile, ila dawa ya senti chache haipo tena.

Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wameiacha rezista na kuweka kijidude kidogo cha redio ndani ya kichwa cha ufunguo. Kijidude hicho hakina betri. Hupata nguvu kutoka kwa koili iliyozunguka swichi na kujibu kwa namba yake ya siri. Hiyo ndiyo imobilaiza, na tangu Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya. Katika Toyota nyingi za zama hizo namba za funguo zimehifadhiwa ndani ya boksi la kompyuta ya injini, na katika nyingine zimo ndani ya boksi la pekee. Sasa mtu akiua injini na kununua injini ya mtumba pamoja na boksi lake, boksi hilo limekuja na kumbukumbu ya funguo za gari lililokatwa vipande huko Nagoya au Yokohama. Halimjui mwenyeji wake mpya. Na ubaya zaidi ni kwamba katika baadhi ya Toyota na Lexus za mwanzo, aliyepoteza funguo zote kuu hakuwa na njia rasmi isipokuwa kununua kompyuta nyingine.

Hapana shaka kwamba imobilaiza imeleta faida. Uchunguzi wa wanauchumi Jan van Ours na Ben Vollaard kuhusu Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wizi wa magari ulipungua kwa kiasi cha asilimia 40 kutokana na kifaa hicho. Marekani nako, ambako Kia na Hyundai ziliuza kwa miaka mingi magari yasiyo na imobilaiza, vijana waliyaiba kama peremende mwaka 2022 baada ya kufundishana kwa video za mtandaoni. Kwa hiyo hatuko pamoja na wale wanaosema mifumo hii ing'olewe yote.

Lakini Afrika Kusini ina funzo lake la pekee. Gari lisiloweza kuwashwa bila ya ufunguo humfanya mwizi amtafute mwenye ufunguo. Mwaka wa fedha 2022/2023 polisi wa nchi hiyo walisajili zaidi ya matukio 20,000 ya utekaji wa magari, yaani dereva anatolewa kwa bastola, gari linaondoka na ufunguo wake. Kwa mtekaji huyo siri ya kiwandani si kizuizi kitu. Na mwizi mwingine, yule wa kisasa, ameshaipita siri hiyo. Mwaka 2023 mtafiti wa Uingereza Ian Tabor, ambaye mwenyewe aliibiwa Toyota RAV4 yake mwaka uliotangulia, alieleza hadharani namna wezi wanavyojiunga na nyaya za taa ya mbele na kuliamrisha gari lifunguke bila ya ufunguo.

Basi siri hiyo inamzuia nani? Inamzuia mwenye gari, na inamzuia fundi wa Jacobs ambaye amebadilisha boksi kwa mikono yake na anajua kila waya inakokwenda, ila hana namba. Hivi ndivyo kufuli iliyowekwa kwa ajili ya mwizi inavyogeuka kuwa duka la mtu. Mwenye gari akienda kwa wakala mkubwa ataambiwa gari lake halimo kwenye kumbukumbu, kwani halikuuzwa nchini humo. Akirudi mtaani atapewa dawa ya mkato, na mara hii si rezista. Ni boksi lililofutwa kumbukumbu ili likubali ufunguo wowote uliochongwa. Anavuka Limpopo na gari lisilo na mlinzi, na huenda bima yake imeandikwa kwamba mlinzi yupo. Siku likiibiwa, nani atamlipa?

Wapinzani wa rai hii husema kwamba namba zikitolewa kwa mafundi zitawafikia wezi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, Durban hasa. Lakini Marekani wameipatia jawabu zamani. Huko fundi wa kufuli hujisajili, huchunguzwa rekodi yake ya jinai, na kila anapochukua namba ya gari hujaza fomu inayoonyesha kwamba mwenye gari alithibitishwa. Namba ikitumika vibaya, jina lipo. Umoja wa Ulaya nao umefuata njia inayofanana na hiyo kwa gereji zilizoidhinishwa.

Afrika Kusini haianzi sifuri. Tarehe 1 Julai 2021 ulianza kutumika mwongozo wa Tume ya Ushindani ya nchi hiyo kuhusu biashara ya matengenezo ya magari, unaotaka gereji huru zipatiwe maelezo ya kiufundi na unaomruhusu mteja kupeleka gari lake gereji hizo bila ya kupoteza dhamana yote. Tatizo ni kwamba mwongozo si sheria ya bunge, na uliandikwa kwa kulitazama soko la ndani, si gari la mtu anayepita. Aidha ipo sheria ya bidhaa zilizotumika ya mwaka 2009, iliyoanza kutekelezwa 2012, inayomtaka muuza vitu vya mtumba ajisajili polisi na aweke rekodi ya anachokinunua na anachokiuza. Daftari, kwa hiyo, linatakiwa liwepo dukani. Kwa nini ufunguo usiandikwe humo pamoja na injini iliyotoka nao?

Hili la mwisho ndilo tunalolitilia mkazo zaidi, kwa sababu halihitaji bunge wala mahakama. Boksi la kompyuta linapong'olewa kwenye gari lililokatwa, swichi yake, koili yake na ufunguo wake viko hapo hapo, umbali wa mkono mmoja. Anayeling'oa boksi na kuutupa ufunguo anauza nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Wanunuzi wetu, wawe Jacobs, Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, wanao uwezo wa kulikataa boksi lisilo na ufunguo wake, na wafanyabiashara watajirekebisha haraka wakiona pesa inaondoka mlangoni.

Gereji nazo ziandike katika risiti iwapo mfumo umekatwa, mstari mmoja unatosha, ili mwenye gari ajue la kumwambia mtu wa bima. Wala boksi la zamani lisiachwe kwenye pipa la gereji hata kama limekufa. Mwenye gari alitie kwenye mfuko alipakie chini ya kiti, kwa sababu katika magari mengi kijidude cha kumbukumbu kilichomo ndani yake huwa kizima, na fundi mwenye vyombo huko Lubumbashi au Ndola anaweza kuzisoma funguo kutoka humo na kuzihamishia kwenye boksi jipya.